Waonjaji wa Mwalimu Elina

Wiki iliyopita nilisimama Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma, kununua mafuta ya alizeti. Mama muuzaji akafungua kizibo na kunisogezea chupa puani. "Nusa mwenyewe dada, ni ya msimu huu, sijachanganya kitu." Nikanusa. Niligeukia barabarani nikajifanya naangalia malori yanavyopita, maana mwanamke mzima, mwenye duka lake la vitenge Singida mjini, hawezi kusimama analilia chupa ya mafuta. Watu watasema mume kanifukuza.

Wenzangu wakisikia harufu ya alizeti wanawaza maandazi. Mimi nawaza njaa. Halafu namwaza Mwalimu Elina, mwalimu wangu wa kwanza, ambaye tumemzika juzijuzi na bado sijazoea kusema "marehemu" mbele ya jina lake.

Watu wa rika langu tukikutana misibani au harusini, tukishaulizana habari za watoto, hatukawii kusimuliana fimbo. Huyu alichapwa kwa kuchelewa, yule alipigishwa magoti kwenye kokoto, na kila mmoja anataka mwalimu wake ndiye awe alikuwa mkali kuliko wote. Zamu yangu ikifika sina fimbo ya kusimulia. Nasema mwalimu wangu alikuwa ananusa mikono. Basi wanacheka, wanadhani natania.

Sitanii hata kidogo. Shule yetu ilikuwa ndani kabisa, unaacha barabara kubwa unatembea mpaka unaanza kujuta, na yeye alifundisha chekechea na darasa la kwanza katika chumba kimoja. Kila asubuhi alisimama mlangoni. Unafika, unasema "Shikamoo Mwalimu," unanyoosha mikono yote miwili. Anaipokea, anainama, ananusa vidole, kisha kiganja, bila haraka. Halafu anakupa neno la kuingia nalo ndani. "Leo umekamua mbuzi wewe." "Bibi yako amerudi safari, nasikia ugoro." "Umelala karibu na moshi, ndiyo maana unakohoa. Kaa dirishani." Sisi tuliamini ni mchawi, ila wa upande mzuri.

Asubuhi moja alimnusa mtoto aliyenuka zizi tupu, akamtazama macho yake, akaenda kumtandikia gunia nyuma ya darasa. "Lala baba. Herufi hazikimbii." Yule mtoto alikuwa amechunga tangu alfajiri. Alilala mpaka mapumziko, na sisi tuliimba a, e, i, o, u kwa kunong'ona ili tusimwamshe. Mpaka leo nikizitamka irabu sauti yangu inashuka yenyewe.

Mwalimu mkuu hakupenda mambo hayo. Alikuja siku moja akatukuta nje, tumechuchumaa, tunapanga mbegu za alizeti tulizopanda na kuvuna wenyewe, tano tano, huku wengine wanapima kimo cha ndama kwa kamba.

"Mwalimu Elina," akasema, "hili ni darasa au zahanati? Au ni shamba?"

"Vyote, mkuu. Na jiko pia."

"Na hawa wataandika lini?"

"Mikono ikitulia wataandika. Mtoto haji shuleni na kichwa peke yake. Anakuja na tumbo lake, na miguu yake, na usiku aliolala. Nikishughulika na kichwa tu, hivyo vingine vitamwita atoke nje."

Nilichosikia mimi ni kichwa peke yake kinakuja shuleni, kinabiringika njiani, kinapiga shikamoo. Nilicheka mpaka mwalimu mkuu akauliza huyu ni mtoto wa nani.

Sasa kuhusu uji. Nyuma ya darasa kulikuwa na mafiga matatu na sufuria jeusi. Wazazi waliovuna vizuri walimletea Mwalimu uwele kidogo kidogo, na yeye aliongezea wa shamba lake. Haukutosha shule nzima, haukutosha hata darasa. Kwa hiyo akishamaliza kutunusa, alikuwa anaita wachache. "Fulani na fulani, njooni mnisaidie kuonja uji. Leo ulimi wangu hauko sawa." Wanakwenda, wanakaa kivulini, kila mmoja na kikombe kimejaa, wanarudi na masharubu ya uji. Ee, niliwaonea wivu! Niliamini wanachaguliwa kwa sababu wana ndimi zenye akili. Nyumbani mimi na mdogo wangu Salumu, ambaye alikuwa chekechea, tukawa tunafanya mazoezi. Tukipewa ugali na mlenda tunafumba macho, tunatafuna taratibu, tunasema, "Chumvi imepungua." Mama anasema, "Kuleni mkae kimya, msinitie wazimu."

Wakati huo chakula kilikuwepo, ndiyo maana tuliweza kukichezea.

Mvua zikakataa. Baba akasema hawezi kukaa anaangalia mawingu yanavyopita kwenda kwa watu wengine, akaenda Sekenke kutafuta dhahabu. Mwanzoni salamu zilikuja na watu, leo huyu kamwona, kesho yule kamwona, amekonda lakini mzima. Halafu salamu zikakatika. Mama alianza kufagia uwanja mara nyingi kuliko uwanja ulivyochafuka.

Ndipo alipokuja Baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mjumbe wa kamati ya shule, na alipokaa kwenye kigoda magoti yake yalifika karibu na kidevu. Mimi nilikuwa napepeta karibu yao, nikasikia kila kitu.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nikisikia watoto wa mdogo wangu wamelala na njaa, nawachukua siku hiyohiyo. Zaituni atakaa kwangu. Salumu nitampeleka kwa shangazi yake, Iramba."

"Hawajalala na njaa," mama akasema.

"Sijasema wamelala. Nimesema nikisikia."

Alipoondoka mama aliniambia nimwite Salumu, akatukalisha miguuni pake, akatusuka. Salumu hakuwa na nywele za kusuka, alikuwa na kipara cha kiwembe, lakini mama alikipapasa tu, akakipapasa, mpaka Salumu akalalamika. Kuanzia hapo nilijua jambo moja ambalo mtoto wa umri ule hapaswi kulijua. Njaa yetu ikijulikana, tutagawanywa.

Na njaa ikaja. Njaa mwana malegeza, wazee hawakukosea. Kwanza tulikula mara moja kwa siku, kisha uji wa jioni wa maji matupu, kisha ikawa mama anabandika chungu chenye maji ili moshi uonekane kwa majirani. Yeye alijua kuficha. Kilichomshinda ni pua ya Mwalimu Elina. Alirudi kisimani siku moja ndoo imemwagika nusu, akaiweka chini, akaniuliza, "Ni kweli mwalimu wenu ananusa watoto ili ajue nani kala?"

"Ananusa tu," nikasema. "Kila mtu."

"Wanawake wanasema akinusa anajua."

Kesho yake asubuhi alishusha kichupa kilichokuwa kimechomekwa kwenye dari la nyumba yetu ya tembe, mafuta ya alizeti ya msimu uliopita, yamebaki kwenye kitako. Chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi. Akamimina tone kiganjani, akatupaka mikono, juu na chini, mpaka kwenye kifundo, kama tunavyopakwa siku ya Idd. Mikono ikang'aa. Ikanuka chakula.

"Mkifika nyoosheni bila woga," akasema. "Mkiulizwa, mmekula. Zaituni, umenisikia?"

"Nimesikia mama."

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu zake. Nilikuwa nimemwona Baba mkubwa amesimama na Mwalimu penye uzio wa shule, wanacheka. Kumbe! Mwalimu ananusa kwa niaba yake! Na wale waonjaji niliowaonea wivu, sasa niliwaelewa: ni watoto waliokwisha kutiwa alama, wanalishwa kidogo kabla ya kuchukuliwa. Ushahidi nilikuwa nao. Msichana mmoja mwonjaji alikuwa amehamishiwa kwa bibi yake, na kiti chake kilikuwa tupu. Niliogopa mpaka nikasikia baridi, na jua lilikuwa limeshatoka.

Salumu yeye hakuwa na hesabu. Alikuwa na njaa. Tulipofika kwenye ule mkwaju wa nusu ya njia nikamgeukia, nikamkuta analamba mikono. Amelamba vidole vyote, amelamba viganja, anahamia kwenye kifundo. "We Salumu! Utatuuza!" Nikamshika mikono nyuma ya mgongo, nikamsukuma hivyo mpaka shuleni, yeye analia kimyakimya, makamasi mpaka mdomoni.

Nilinyoosha mikono. Mwalimu akanusa vidole. Akanusa kiganja. Akaigeuza, akanusa mgongo wa mkono, akarudi tena kwenye vidole, chini ya kucha kabisa. Nikasubiri neno langu. Hakunipa neno. Alisema tu, "Haya, ingia," na sauti yake haikuwa ya kila siku.

Salumu akaficha mikono. "Mimi nimefunga," akasema.

"Umefunga? Ramadhani imepita zamani, baba."

"Nimefunga ya kwangu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimaliza kunusa wengine, halafu akasema ile sentensi niliyokuwa naiomba miezi yote na sasa naikimbia. "Zaituni na Salumu, njooni mnisaidie kuonja uji. Leo ulimi wangu hauko sawa."

"Hatutaki!" nikapiga kelele. "Tumekula! Sisi tumekula!"

Nilipogeuka kumkamata Salumu, alikuwa ameshafika kwenye sufuria.

Alikunywa huku anatetemeka. Mimi nilifunga mdomo, nikasimama. Mwalimu hakunilazimisha. Alinipa kikombe akasema, "Basi usionje. Nishikie tu, mikono yangu imechoka," akageuka akaanza kukusanya kuni. Alinipa mgongo muda mrefu sana, anaokota ukuni, anauweka, anauokota uleule. Nilijiona mjanja. Nilikunywa wote kwa mafunda ya haraka, nikajifuta kwa sketi, nikarudisha kikombe nikidhani hakuona. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mtu anaweza kukupa mgongo kwa kukupenda.

Alasiri hiyo alikuja nyumbani. Nilipomwona anakata uwanja nilikimbilia nyuma ya mlango na Salumu, nikamziba mdomo. Nilikuwa na hakika amekuja kutuchukua.

"Karibu Mwalimu," mama akasema, kichwa juu. "Ungewahi kidogo ungetukuta tunakula. Ndiyo tumemaliza sasa hivi."

"Bahati yangu mbaya," Mwalimu akasema. Akampa mama mkono wa salamu, na alipoupata hakuuachia. Akainama. Akaunusa, vidole, kisha kiganja, palepale uwanjani. Mama alijaribu kuuvuta, kisha akaacha. Naye alikuwa amejipaka.

Walikaa chini kwenye ngozi, na Mwalimu akaongea kwa Kinyaturu, polepole, na mimi nilisikia kila neno pale nyuma ya mlango.

"Nimezaliwa Mgori," akasema, "karibu na msitu. Baba alikuwa na mizinga, akafa, tukabaki na mama. Ukaja mwaka mbaya kama huu. Mama yangu hakutaka watu wajue. Kila tukitoka alitupaka mafuta mikononi, mimi na mdogo wangu wa kike, na tukakatazwa kulamba. Mtu akitusalimia ananusa chakula, anasema nyumba ile wana nafuu. Majirani walikuwa na viazi vikavu. Wangetupa. Hawakujua. Mdogo wangu alilala asubuhi moja hakuamka, na watu waliokuja msibani walishangaa, walisema mtoto aliyeshiba amekufaje ghafla hivi. Tulimzika ananuka mafuta."

Mama aliificha mikono yake ndani ya kanga.

"Chuoni walinifundisha habari za akili ya mtoto inavyokua, nikafaulu vizuri. Lakini kunusa sikufundishwa chuoni. Anayekula ugali ananuka vidole, mama Zaituni. Aliyepakwa ananuka mkono mzima. Zaituni leo amenuka mkono mzima."

"Utamwambia shemeji," mama akasema. Sauti yake sijawahi kuisikia ikiwa ndogo vile.

"Aibu yako naificha. Njaa siifichi. Hivyo ni vitu viwili, na mama yangu alivifunga kwenye kitambaa kimoja." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya ubishi ubishi, "Halafu mimi uji unanishinda. Naunguza. Nafundisha herufi huku sufuria linaungua. Nataka mtu wa kutwanga na kupika. Mshahara sina. Utakula unachopika, na watoto wako watakula mbele ya watu wote, mikono michafu."

Mama alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, yeye ambaye baba alipoondoka alifagia tu. Nilitoka nyuma ya mlango nikamshika bega, na Salumu akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu, akamnyooshea mikono anuswe. Asubuhi alikuwa ameficha, sasa alitaka neno lake.

"Wewe," Mwalimu akamwambia, "unanuka mwonjaji."

Basi mama akawa mpishi. Lakini maneno ya kijiji hayana mlango, na Baba mkubwa alisikia. Alikuja shuleni tukiwa nje, saa ya uji, akasimama mbele ya darasa zima na ule urefu wake. Mimi nilimshika Salumu shati.

"Mwalimu, nimeambiwa wanangu hawa ni waonjaji."

"Ni waonjaji, mzee."

"Kwa hiyo kwao hakuna chakula."

Mwalimu hakubishana. Akaniita. Miguu yangu haikutaka, lakini ilikwenda. "Zaituni, mpe Baba mkubwa mikono yako. Mzee, tafadhali, nusa mwenyewe."

Alishangaa, lakini aliinama. Nilisikia tumbaku kwenye pumzi yake. Alinusa vidole vyangu, na mimi nikamwangalia mama aliyesimama kwenye sufuria na mwiko mkononi, na mama aliniangalia mimi, na najua sote wawili tulikuwa tunawaza njia ya Iramba.

"Nasikia uji," akasema.

"Umepikwa na nani?"

Akainua macho. Mama alipiga goti kidogo. "Shikamoo shemeji. Karibu utuonjee, nadhani chumvi imepungua."

Akapewa kikombe. Nilitegemea aonje kwa ustaarabu, arudishe. Alikunywa wote. Alikunywa bila kupumzika, koromeo linapanda na kushuka, kisha akapitisha kidole ndani ya kikombe, akakilamba, na alipoona tunamwangalia akakohoa. Mwalimu alimpa mkono wa kuagana, akaushika zaidi ya kawaida, akainama kidogo tu. Hakusema kitu mbele yetu. Ila kuanzia kesho yake nilipewa bakuli lenye kifuniko nilipeleke kwa Baba mkubwa, kila siku, na maneno yaleyale: Mwalimu anaomba umsaidie kuonja. Alilipokea mlangoni bila kunitazama usoni. Habari za Iramba hakuzitaja tena mpaka mvua ziliponyesha, wala baada ya hapo.

Baba hakurudi. Ningekuwa na hadithi ya kuwapa hapa ningewapa, lakini sina. Wako waliosema alihamia machimbo mengine, wako waliosema shimo. Mama alipika uji wa Mwalimu Elina mpaka nguvu zilipomwishia, na alipokufa tulikuwa naye wote wawili. Salumu leo ana lori la vitunguu na kitambi, na akija kwangu hasalimii vizuri kabla hajafunua sufuria.

Mwalimu alipostaafu alihamia pembeni ya mji, kwa binti yake Neema. Nilizoea kumpitia Jumapili. Mwaka huu Neema alipata kazi Dodoma, akawa anasita kumwacha mama, na Mwalimu akamfokea aende, yeye si kifaranga. Akaenda. Mimi na shughuli za duka nikakosa kwenda Jumapili kadhaa, na nilipofika nikamkuta kwenye mkeka, amevaa sweta jua kali.

"Shikamoo Mwalimu. Umekula?"

"Marahaba mwanangu. Ungewahi ungenikuta nakula. Ndiyo nimemaliza sasa hivi."

Sentensi ile. Neno kwa neno. Nilipiga magoti nikamshika mikono, nikainama. Vidole, kiganja, mgongo wa mkono, mpaka kwenye kifundo. Alizeti tupu. Kucha safi.

"Umeninusa," akasema.

"Nimekunusa, Mwalimu."

Alijaribu kucheka. Kisha akaniambia. Koo lilikuwa limefunga, chakula hakipiti, lilianza kabla Neema hajaondoka. Jirani akimletea sahani anachovya mikono kwenye mchuzi au anajipaka mafuta, chakula anawapa kuku, anarudisha vyombo vinanuka. "Usimwambie Neema. Ataacha kazi, na ameitafuta miaka. Niahidi."

Nilitaka kuahidi. Nani anaweza kumkatalia mwalimu wake wa kwanza? Lakini nilimwona yule mtoto wa Mgori ambaye sikuwahi kumwona, na mikono yake inayong'aa.

"Mwalimu, aibu yako nitaificha," nikasema. "Njaa siifichi."

Alinitazama kwa hasira, hasira kweli, ambayo hakuwahi kunionyesha nikiwa mtoto. Halafu akageukia ukutani. Nilitoka nje nikampigia Neema.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilikuwa kimeshaanza kumuumbua. Hospitali walituambia waliyotuambia, wakaturudisha nyumbani. Neema aliacha kila kitu akaja, na Mwalimu hakunisemesha siku nzima. Kesho yake nilibandika uji wa uwele mwepesi, nikauchuja kwa kitambaa, nikaenda nao kitandani.

"Mwalimu, naomba unisaidie kuonja. Leo ulimi wangu hauko sawa."

Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni. Akafungua mdomo. Kijiko kile kilikaa muda mrefu kabla hakijashuka.

"Chumvi," akanong'ona.

"Imepungua?"

"Imepungua."

Nikamwekea kikombe mkononi, nikamwambia anishikie tu, na nikampa mgongo. Nilikunja shuka, nikalikunjua, nikalikunja tena lilelile. Nilisikia kijiko kinagonga kikombe, kimya, kinagonga tena. Tulifanya hivyo kila asubuhi. Siku nyingine alitema, siku nyingine aliweza vitatu, na uji mwingi ulimwagikia vidoleni, na sisi hatukuwa na haraka ya kumfuta.

Alfajiri aliyoondoka, Neema alinipigia nikaenda na kanga ya kulalia. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi. Wanawake wa jumuiya ya kanisani kwake walikuwa njiani kuja kumwosha. Nilipiga magoti nikaishika ile mikono, imeshapoa, nikainama, nikanusa vidole, kisha kiganja, bila haraka.

"Dada Zaituni," Neema akasema nyuma yangu, "unanusa nini?"

"Amekula," nikamwambia. "Mama amekula."